Makato Yaliyo Upande Wako

Juni mwaka 2025 niliingia saiba moja karibu na lango la chuo, nikampa kijana wa pale PIN na nywila yangu ya iTax, nikalipa shilingi 100 na kutoka baada ya dakika tano. Alikuwa amenijazia ritani ya sufuri, ile inayosema kwamba mwaka mzima wa 2024 sikupata hata ndururu. Sikuuliza swali. Sisi wanafunzi tunajuana, sote hujaza sufuri.

Shida ni kwamba mwaka huo nilikuwa na kazi. Kwa miezi sita nilikuwa nikisikiliza mahojiano ya watafiti na kuyaandika kwa Kiswahili sanifu, kwa malipo ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Mkataba uliniita mshauri wa kujitegemea, sio mwajiriwa. Pesa zilizoingia kwenye M-Pesa kila mwezi zilikuwa 28,500. Nilidhani ile 1,500 ni mambo yao ya ofisini, nikanyamaza.

Miezi michache baadaye nilifungua iTax mwenyewe kutafuta cheti cha PIN, nikakutana na vyeti sita vya ushuru wa zuio vyenye jina langu. Ukijumlisha, shilingi 9,000. Kwa komredi anayepanga bajeti ya chakula kwa wiki, hiyo si pesa ya kuchezea. Nikaanza kusoma, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijaingia ile saiba.

Tuanze na hilo zuio. Mteja akimlipa mkazi wa Kenya ada ya ushauri au ya kitaalamu inayofika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, sheria inamtaka azuie asilimia 5 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, kwa PIN yako. Hapo wengi hudhani ushuru umeshalipwa na mambo yamekwisha. La. Zuio hilo ni kama malipo ya awali tu. Ushuru wako halisi haujulikani mpaka mwaka uishe na ujaze ritani. Likizidi ushuru unaodaiwa, tofauti ni yako. Likipungua, unaongeza.

Sasa hesabu yenyewe. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Lakini kila mkazi anayejaza ritani ana nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni hiyo hiyo 28,800. Moja inafuta nyingine. Kwa hivyo mtu ambaye mapato yake yote ya mwaka hayakuvuka 288,000 hadaiwi ushuru wa mapato hata senti. Mimi nilipata 180,000. Zile 9,000 zote zilikuwa zangu. Na kwa kujaza sufuri nilifanya makosa mawili kwa mpigo: nilitoa taarifa isiyo ya kweli kwa KRA, ambayo tayari ilikuwa na vyeti sita vya kunikana, na nikaziacha pesa zangu bila kuzidai.

Hapo bado sijagusa gharama. Gharama huanza kuwa na maana ukivuka ile 288,000, na mfano mzuri ni jirani yangu kwenye ploti tunakokaa. Yeye huhariri video kwa mkataba. Mwaka huo huo wa 2024 alilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, jumla 360,000, na akakatwa zuio la 18,000. Tukapiga hesabu pamoja usiku mmoja.

Bila kuondoa gharama yoyote, mapato yake yamevuka kiwango cha kwanza kwa shilingi 72,000. Hizo zinaangukia kiwango cha pili, asilimia 25, ambacho kinaendelea hadi 388,000 kwa mwaka. Robo ya 72,000 ni 18,000. Ndiyo ile ile aliyokatwa. Kwa hesabu hiyo hadai wala hadaiwi, na angeweza kufunga kompyuta akalale.

Lakini Sheria ya Ushuru wa Mapato haimtozi mtu aliyejiajiri kwa kila shilingi iliyoingia. Inatoza faida. Kifungu cha 15 kinaruhusu kuondoa matumizi yaliyofanywa kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo pekee. Neno "makato" limetuumiza masikio kwa sababu tunalisikia siku ya malipo tu, pesa zikipungua. Haya ni makato ya upande wa pili: unayakata wewe kutoka kwenye mapato kabla ushuru haujahesabiwa. Mwajiriwa wa kawaida anayekatwa PAYE hana nafasi hii kwa nauli na intaneti yake. Aliyejiajiri anayo.

Jirani alikuwa na nini? Alikodi kamera kwa jumla ya shilingi 24,000, na ankara anazo. Intaneti ya chumbani ilimgharimu 27,000 kwa miezi hiyo tisa, ila si yote ilikuwa kazi. Kuna filamu na kuna masomo. Alikadiria theluthi mbili kuwa za kazi, akaondoa 18,000. Kompyuta yake aliinunua mwaka huo kwa 80,000. Chombo cha kudumu kama hicho hakiondolewi chote kwa mara moja; kompyuta hugawanywa kwa asilimia 25 kila mwaka kwa miaka minne, hivyo 20,000 kwa mwaka. Kwa kuwa nusu ya matumizi yake ni ya masomo, alichukua 10,000.

Jumla ni 52,000. Faida ikashuka hadi 308,000, na kilichovuka 288,000 kikawa 20,000 tu. Robo yake ni 5,000. Alikatwa 18,000, anadaiwa 5,000, anarejeshewa 13,000. Kwake, kila shilingi 100 ya gharama yenye ushahidi ilikuwa na thamani ya shilingi 25.

Hilo neno ushahidi ndilo lililomuuma. Alikuwa ametumia kama 15,000 kwa bodaboda akienda kurekodi, na hakuwa na karatasi hata moja. Shilingi 3,750 zikapotea hapo hapo. Tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi hazikubaliwi kwenye ritani isipokuwa ziwe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa KRA, na ankara hiyo iwe na PIN yako wewe mnunuzi. Risiti ya mkono haitoshi. Kwa hivyo unapolipia kazi ya kuchapisha au kukodi kifaa, taja PIN kabla hawajakuandikia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa wamewahi kuiona iTax. Sheria inataka uhifadhi kumbukumbu zako kwa miaka mitano.

Kuna yasiyoondolewa, tusidanganyane. Chakula, kodi ya chumba unacholala, nguo, ada ya chuo na pesa unazotuma nyumbani ni matumizi ya kibinafsi. Kwa upande mwingine, tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango wa bima ya afya ya SHIF unaondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru, kwa hivyo ukijaza ritani ya mwaka 2025 usiusahau.

Utasikia pia watu wakisema "wewe lipa tu asilimia 3." Hiyo ni kodi ya mauzo ya biashara zinazouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Inatozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama yoyote, na haihusu ada za kitaalamu kama zetu. Kama una duka, soma huko. Kama unafundisha, unatafsiri au unahariri kwa mkataba, njia yako ni ritani ya mwaka.

Mbona niwachoshe na hesabu hizi, nasi tunasomea ualimu? Kwa sababu kati ya kuhitimu na barua ya TSC kuna kipindi ambacho hakuna anayekijua urefu wake. Wengi wetu tutakipitia tukifundisha watoto majumbani, tukiandika mitihani ya wachapishaji, tukitafsiri. Tutakuwa wakandarasi bila kujiita hivyo. Na kazi isiyofika 24,000 kwa mwezi, ambayo mteja hazuii chochote, bado ni mapato ya kuandikwa.

Mimi nimeshairekebisha ile ritani. iTax inaruhusu kuwasilisha ritani iliyorekebishwa, na ombi la kurejeshewa ushuru uliolipwa kupita kiasi linaweza kuletwa ndani ya miaka mitano. Nimeandika 180,000 zangu, nimeingiza vyeti vyote sita na nimeomba 9,000. Nywila nimebadilisha, kwa sababu kijana wa saiba bado alikuwa nayo.

Ritani za mwaka 2025 zinafungwa Juni 30, 2026, na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa. Kabla ya kumlipa mtu akujazie sufuri, ingia mwenyewe utafute vyeti vya zuio vyenye PIN yako. Ukikuta hata kimoja, komredi, wewe si wa sufuri.