AKIBA YA UZEENI: TUHESABU MIEZI KABLA YA FEDHA

Wanachama wengi wana watoto walioajiriwa Bara, na kila wakija likizo swali ni lile lile: fedha zinazokatwa katika mshahara zinakwenda wapi, na zitarudi lini? Yafaa mzazi alijue jambo hili, maana kijana akikosa pensheni, uzee wake utategemea shamba lile lile la mikarafuu.

Tuchukue mfano wa Buhare, Musoma, karibu na Ziwa Viktoria, penye Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Mwalimu wa chuo hicho ni mtumishi wa Serikali, kwa hiyo mfuko wake ni PSSSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na Serikali hutoa asilimia 15. Jirani yake aliyeajiriwa dukani yumo katika NSSF. Huko pia jumla ni asilimia 20, ila mwajiriwa hakatwi zaidi ya asilimia 10. Basi kwa mshahara wa shilingi 400,000, mwalimu hutoa 20,000 na Serikali 60,000. Wa dukani hutoa 40,000 na tajiri wake 40,000. Kila mmoja huwekewa 80,000 kwa mwezi. Mvuvi au mkulima asiye na tajiri naye aweza kujiunga na NSSF kwa hiari.

Je, kuna kikomo cha kipato? Kenya kipo. Kuanzia Februari 2025, kwa mfano, asilimia 6 ilikatwa katika shilingi 72,000 za kwanza tu. Mwenye mshahara wa 72,000 na mwenye 200,000 wote walikatwa 4,320. Tanzania Bara hakuna kikomo cha namna hiyo. Mshahara ukipanda, mchango hupanda nao.

Lililo zito ni muda. Pensheni ya uzeeni yataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyefika miezi 179 hapati pensheni ya kila mwezi; hulipwa mkupuo mmoja, basi. Umri wa kustaafu ni miaka 60, au 55 kwa hiari. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, idadi ya miezi hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora. Miezi 180 huleta kama asilimia 31 ya wastani huo. Miezi 360 huleta asilimia 62, kabla ya kutoa mkupuo.

Kwa hiyo kijana na aulize mfuko wake kila mwaka ameandikiwa miezi mingapi, na atunze hati zake za mshahara. Tajiri aliyekata fedha asizipeleke amevunja sheria, na kijana bila hati atapata taabu kudai haki yake.

Nasi wakulima tusijione tumesahauliwa. ZSSF, mfuko wa Zanzibar ulioanzishwa mwaka 1998, una mpango wa hiari kwa wasioajiriwa. Mkarafuu haupandwi leo ukachumwa kesho, na akiba ni vivyo hivyo. Karafuu zikishapimwa na fedha kupokelewa, sehemu ya akiba na itengwe kwanza, ndipo twende dukani.