'Ndivyo alivyo': Usemi unaowaponza wenye vipawa

Wanafunzi wa sarufi hufunzwa kwamba sentensi ina kiima na kiarifu, na kwamba kazi ya kiarifu ni kutueleza jambo fulani kuhusu kiima. Hata hivyo, zipo sentensi ambazo kiarifu chake hakiongezi lolote: 'Mtoto ni mtoto', 'Juma ni Juma'. Kimaana ni tupu, ila kimatumizi zina nguvu nyingi, kwa sababu hutumiwa kufunga mjadala. Anayezitamka huwa anatuambia: msiulize zaidi, ndivyo alivyo.

Katika makala haya ningependa kuonyesha gharama ya sentensi ya aina hiyo kwa kisa cha Manny Ramirez, mchezaji wa besiboli wa huko Marekani.

Besiboli si mchezo wetu, hivyo maelezo machache yatafaa. Mrushaji humtupia mpigaji mpira, naye huukabili kwa gongo. Kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Ramirez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyelelewa New York, aliwapita wengi wa hodari hao. Mnamo Desemba 2000 timu ya Boston Red Sox ilimwajiri kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 160. Mwaka wa 2004 Boston ilitwaa ubingwa ambao haikuwa imeuonja kwa miaka 86, na Ramirez akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka wa 2007 timu hiyo iliutwaa tena.

Kipawa hicho kilifuatana na vituko. Siku moja mwaka wa 2005, mchezo ukiwa umesimama kidogo, Ramirez aliingia ndani ya ukuta wa uwanja wa Fenway, na nusura mpira urushwe angali humo. Zilikuwapo pia siku alizotembea pale alipopaswa kukimbia. Mashabiki na waandishi wa habari walikuwa na usemi wa kuyasamehe yote: 'Manny ni Manny tu'. Kiima na kiarifu vikawa neno lile lile. Watu wakacheka, wakadhani yamekwisha.

La hasha, hayakuwa yamekwisha. Mnamo Juni 2008 Ramirez alizozana hadharani na mchezaji mwenzake, hata wakaamuliwa. Mwezi huo huo alimsukuma hadi chini msimamizi wa safari za timu, mzee wa miaka 64, kwa sababu ya tikiti za mechi. Alitozwa faini, lakini hakufungiwa hata mechi moja. Mwezi wa Julai alidai kwamba goti lilimuuma. Akapigwa picha hospitalini, na hapakuonekana dhara lolote. Tarehe 31 Julai 2008, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Boston ilimwachilia aende Los Angeles Dodgers. Katika besiboli, mchezaji aghalabu hubadilishwa kwa wachezaji wengine. Boston ilimpata Jason Bay, Mkanada mtulivu, kutoka Pittsburgh Pirates. Nayo ikatoa vijana wake wawili, tena ikakubali kulipa mshahara wa Ramirez uliosalia msimu huo. Yaani, ililipa ili aondoke.

Je, Boston ilikosea? Katika mechi 53 alizoichezea timu yake mpya msimu huo, Ramirez alifanikiwa karibu mara nne katika kila kumi, na mara 17 akauvusha mpira nje ya uwanja. Los Angeles wakamshangilia. Walakini timu zote mbili zilitolewa katika hatua moja, ile inayotangulia fainali. Anayetaka kuupima uamuzi ule kwa vikombe hatapata jibu.

Tumtazame basi mchezaji mwenyewe. Mnamo Mei 2009 alifungiwa mechi 50 kwa kukiuka kanuni za dawa zilizopigwa marufuku. Mwaka wa 2011, alipokabiliwa na adhabu ya mechi 100 kwa kosa jingine la namna hiyo, aliamua kustaafu. Sidai kwamba vicheko vya Boston ndivyo vilivyomfikisha huko. Ninalosema ni kwamba, kwa zaidi ya miaka saba, walionufaika na mikono yake walikuwa na nafasi ya kumkanya mapema, lakini wengi wao walichagua kucheka.

Nayasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Kabla ya kuja chuoni nilifundisha katika shule moja ya upili. Tulikuwa na kijana aliyesakata kandanda kwa ustadi ambao sijauona tena. Alipokosa masomo ya jioni, tulisema ndivyo alivyo. Aliporejea kutoka likizoni akiwa amechelewa wiki nzima, nilimwomba mwalimu wa zamu asiliandike jina lake, kwa kuwa mashindano yalikaribia. Hatimaye kijana huyo akamtusi mpishi wetu, mtu wa umri wa babake, mbele ya foleni nzima ya chakula. Mashindano yalipokwisha, alipewa barua ya kuhamia shule nyingine. Niliitia sahihi nikiwa mwalimu wake wa darasa. Ilijaa sifa, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliomtaja mpishi. Mpishi mwenyewe hakuombwa radhi.

Wahenga walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulihofia kulipoteza kombe, tukampoteza kijana. Walimu wenzangu, mwanafunzi anayetuletea sifa, awe bingwa wa kandanda au wa mtihani, ana haki ya kukanywa sawa na wenziwe; kumnyima haki hiyo ni kumdhulumu. Nanyi wanafunzi, mtu akikusamehe kila siku kwa kusema 'ndivyo ulivyo', usifurahi upesi. Muulize kiarifu ki wapi. Anayekutakia mema ataimaliza sentensi yake, hata kama mwisho wake utakuchoma.