Gregor Mendel na Istilahi za Elimu ya Urithi

Katika kazi ya kuunda istilahi, aghalabu tunaulizwa swali hili: je, yafaa kusubiri hadi wataalamu wakubaliane juu ya dhana ndipo ipewe jina, au jina litangulie ili dhana ipate kujadiliwa? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa mfano wa mtaalamu mmoja ambaye kazi yake ilitambuliwa miaka 16 baada ya kufa kwake, na ambaye maneno aliyoyachagua yangali yanatuhusu sisi tunaotafsiri na kufundisha kwa Kiswahili.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822, akawa mtawa katika monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brünn, mji ambao leo huitwa Brno katika Jamhuri ya Cheki. Tangu 1856 hadi 1863 alifanya majaribio ya njegere katika bustani ya monasteri, akachunguza sifa saba katika mimea ipatayo 28,000. Alipochanganya njegere za mbegu duara na za mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu duara tupu. Kizazi hicho kilipojichavusha chenyewe, alihesabu mbegu duara 5,474 na zilizokunjamana 1,850, yaani takriban tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kuwa imepotea ilirejea vilevile ilivyokuwa.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha Brünn mwezi Februari na Machi 1865, nayo yakachapishwa mwaka 1866. Hata hivyo hayakuzingatiwa. Wataalamu wa mimea wa wakati ule hawakuzoea kueleza mambo ya uhai kwa hesabu, wala kazi ya kromosomu katika urithi ilikuwa haijafahamika. Carl Nägeli, bingwa wa mimea wa München, aliandikiana naye barua kwa miaka kadhaa, lakini hakusadikishwa. Mwaka 1868 Mendel alichaguliwa kuwa mkuu wa monasteri, na shughuli za uongozi zikamwondoa katika utafiti. Alifariki Januari 1884. Ilipofika mwaka 1900, ndipo Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa majaribio yake, walipoirudisha kazi hiyo mbele ya ulimwengu.

Yaliyofuata ni kazi ya wafasiri na waundaji wa istilahi. Mwaka 1901 tafsiri ya Kiingereza ya makala ya Mendel ilichapishwa London, na wasomaji wasiojua Kijerumani wakaweza kuyapima wenyewe aliyoyasema. Mwaka 1905 William Bateson aliipa elimu hiyo jina ambalo kwetu limekuwa jenetiki. Mwaka 1909 Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa Denmark, akakipa kile kinachorithiwa jina fupi ambalo sisi tunaliita jeni. Mendel mwenyewe hakuwahi kulisikia neno hilo. Dhana alikuwa nayo, na aliiandika kwa herufi tu: kubwa kwa sifa moja na ndogo kwa mwenzake.

Kwa upande wetu, neno jeni lina faida. Wako waliopendelea chembe ya urithi, lakini neno chembe limekwisha kubeba maana nyingi katika vitabu vya sayansi, na mwanafunzi huweza kuichanganya jeni na seli yenyewe. Jeni ni fupi, nalo hukubali kunyambuliwa, kama vile -a kijeni.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika majina mawili aliyoyaunda Mendel mwenyewe. Sifa inayoonekana katika kizazi cha kwanza aliiita yenye kutawala. Ile ya pili aliiita kwa neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kurudi nyuma, akaeleza kuwa hujitenga au kutoweka, kisha hutokea tena katika kizazi kinachofuata. Baadhi ya wafasiri huiita hii ya pili sifa dhaifu. Twaona kuwa hilo ni kosa. Mendel hakusema kwamba sifa hiyo ina upungufu, bali haionekani. Kadhalika sifa tawala si lazima iwe bora wala iwe ya watu wengi. Kuzaliwa na kidole cha sita mara nyingi hurithiwa kwa njia ya kutawala, lakini watu wenye vidole sita ni wachache.

Jambo hili si la vitabuni tu. Selimundu ni maradhi ya damu yanayojulikana sana nchini Tanzania. Mtoto huyapata yale ya aina iliyo kali zaidi akirithi jeni ya selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, wao wenyewe kwa kawaida huwa wazima. Lakini katika kila mimba pana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ni hesabu ileile ya njegere. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe amerithi udhaifu atauliza udhaifu huo ni wa ukoo gani, na mara nyingi lawama humwangukia yeye. Akiambiwa kuwa jeni hiyo ilikuwa imejificha kwake na kwa mumewe pia, ameelezwa ukweli.

Kwa hiyo tunapendekeza sifa tawala na sifa fiche, na katika maandishi ya afya neno dhaifu liachwe kabisa katika maana hii. Tunawaomba walimu wa biolojia, wafasiri na watumishi wa idara za afya wayajaribu maneno haya darasani na zahanatini, kisha watuandikie iwapo yameeleweka.