Utangulizi wa Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa

Huenda sakramenti hii umeiona mara moja tu: padre anaingia na kichupa cha mafuta, na jamaa waliozunguka kitanda wanaangua kilio. Kilio hicho kina historia yake, nayo tutaifikia. Tuanze na mafuta yenyewe.

Sakramenti ni ishara inayoonekana ambayo, kwa imani ya Wakatoliki, Kristo huitumia kuwapa watu neema, yaani uzima wake mwenyewe. Ubatizo una maji. Mpako una mafuta ya mzeituni, ingawa tangu 1972 mafuta ya mimea mingine nayo yanakubalika. Kwa kawaida askofu huyabariki kwenye Misa ya Krisma, katika Juma Kuu. Usiyachanganye na krisma, mafuta yenye manukato yatumikayo katika kipaimara.

Padre humwekea mgonjwa mikono kichwani, kimya, kisha humpaka kwenye paji la uso na mikononi huku akisali. Msingi wake ni Waraka wa Yakobo, 5:14-15: mgonjwa na awaite wazee wa Kanisa. Angalia ni nani anayeita. Ni mgonjwa mwenyewe, basi bado ana kauli.

Kilio kilitoka wapi, basi? Zamani kitubio, sakramenti ya maungamo, kilibeba malipizi mazito, yaani adhabu za kufidia dhambi, hata watu wakakiahirisha hadi kufani. Mpako, uliotolewa baada yake, ukachelewa pamoja nacho. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba mpako hauwahusu tu walio mahututi, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha ibada mpya.

Kwa hiyo anayesubiri upasuaji mkubwa aweza kupakwa, na mzee aliyeishiwa nguvu vilevile. Akipona kisha akaugua tena sana, hupakwa tena.

Utauliza kama mpako unaponya. Kanisa huomba nguvu, amani na msamaha wa dhambi, na afya pia ikiwa yafaa kwa wokovu wa mgonjwa, dawa ziendelee. Anayekufa ana sakramenti yake hasa: viatiko, Komunyo anayopewa kama masurufu ya safari. Na aliyezimia je? Hupakwa, maadamu angali hai na yaelekea angeomba mwenyewe kama angekuwa na fahamu.