Kawia Ufike: Saketi Zinazosubiri na Lugha ya Kuzieleza

Katika somo letu la tafsiri mwanafunzi mmoja anayetoka Muyinga alituletea karatasi ya maelekezo ya kifaa kidogo cha kulinda friji. Kifaa hicho huchomekwa ukutani, na friji huchomekwa ndani yake. Karatasi ilisema kwa Kiswahili: "Kifaa hiki huchelewa dakika tatu." Jamaa zake waliposoma hivyo walidhani ni kibovu. Umeme uliporudi na friji isiwake papo hapo, walikichomoa, wakachomeka friji moja kwa moja ukutani. Baada ya miezi michache mota ya friji iliungua.

Kisa hiki kinatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani. Kifaa hakikuwa kibovu. Neno ndilo lililokosewa. Katika Kiswahili, anayechelewa amepitwa na wakati uliopangwa, naye hulaumiwa. Anayesubiri ana sababu. Kifaa kile kilikuwa kinasubiri.

Kwa nini friji isubiri?

Ndani ya friji mna kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi kwenye mabomba. Umeme ukikatika ghafla, upande mmoja wa mabomba hubaki na shinikizo kubwa na upande wa pili shinikizo dogo. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, mota hulazimika kuanza kuzunguka ikipingana na shinikizo hilo. Hushindwa, hukwama, na huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kawaida. Nyaya zake hupata joto na hatimaye huungua. Dakika tatu hadi tano zinatosha shinikizo la pande zote mbili kulingana. Aidha, mara umeme unaporudi volteji huweza kupanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Kusubiri kunaikinga friji na hatari zote mbili.

Saketi hujuaje kwamba muda umetimia?

Njia ya zamani hutumia vitu viwili: rizista, ambayo huzuia mkondo usipite kwa wingi, na kapasita, ambayo hutunza chaji. Fikiria pipa linalojazwa maji kwa bomba jembamba. Pipa likiwa kubwa, au bomba likiwa jembamba zaidi, maji huchukua muda mrefu kufikia alama. Kapasita ni pipa, rizista ni bomba. Volteji ya kapasita ikifikia alama iliyowekwa, swichi hujifunga na umeme hupita.

Chipu mashuhuri ya kazi hii ni ile iitwayo 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuanza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972. Alama yake ni theluthi mbili za volteji inayoingia. Ili kupata muda kwa sekunde, zidisha ukubwa wa rizista kwa ukubwa wa kapasita, kisha zidisha kwa 1.1. Kwa mfano, rizista ya omu 330,000 na kapasita ya mikrofaradi 470 hutoa sekunde 171 hivi, yaani dakika tatu kasoro sekunde tisa. Vifaa vingi vya siku hizi huhesabu mitetemo ya kioo kidogo cha kwatzi. Kioo cha saa ya mkononi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na chipu huhesabu tu.

Kuwaka na kuzimika

Mafundi hutofautisha aina mbili za kusubiri, na hapa vitenzi vyetu vinatusaidia sana. Aina ya kwanza husubiri kabla ya kuwaka, kama kifaa cha friji. Aina ya pili huwaka papo hapo, lakini husubiri kabla ya kuzimika. Ndiyo inayotumika kwenye ngazi za majengo ya ghorofa: unabonyeza swichi, taa inawaka, unapanda, na baada ya dakika mbili au tatu inazimika yenyewe. Tuzingatie pia tofauti ya kuzima na kuzimika. Mtu huzima taa, taa huzimika. Mwandishi wa maelekezo akiandika "zima baada ya dakika mbili", msomaji atadhani ameamriwa yeye asimame pale akingoja.

Taimu za saa

Kuna aina nyingine ya kifaa, ambacho hakihesabu dakika tangu umeme uliporudi, bali hufuata saa ya siku. Mafundi wengi hukiita taima. Wengine kipima muda. Tuchukue mfano wa taa za nje mjini Gitega. Mji huu uko karibu kabisa na mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki, ambao ndio msingi wa saa za Burundi. Kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Kwa kuwa mji uko kusini kidogo tu ya ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni, na tofauti kati ya miezi ni kama nusu saa tu. Taima ikishapangwa vizuri, inaweza kutumika mwaka mzima bila kupangwa upya.

Hata hivyo, kuna mitego mitatu.

Kwanza, taima yenye sahani inayozunguka kwa mota huendeshwa na umeme uleule. Umeme ukikatika saa mbili, sahani husimama saa mbili, na taa zitachelewa saa mbili. Hapo kweli zimechelewa! Penye umeme wa kukatika, tununue taima yenye betri ndani.

Pili, Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Fundi wa Muyinga akinunua taima ng'ambo ya mpaka wa Kobero, ikiwa imeshawekwa saa ya Tanzania, taa alizopanga ziwake saa kumi na mbili jioni zitawaka saa kumi na moja, jua likiwa bado linaangaza. Alfajiri zitazimika saa nzima kabla ya mapambazuko.

Tatu, na hili ni letu, taima huhesabu kuanzia usiku wa manane, Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Aliyeambiwa "saa moja usiku" akaandika 01:00, taa zake zitawaka saa saba usiku. Kanuni ni hii: kwa saa za mchana, yaani saa moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kwa saa za usiku, yaani saa moja usiku hadi kumi na mbili asubuhi, ongeza 18, na jumla ikifika 24 au zaidi, ondoa 24. Saa moja usiku ni 19:00. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00.

Zoezi la darasani

1. Andika upya sentensi "Kifaa hiki huchelewa dakika tatu" ili msomaji ajue kifaa ni kizima na kwa nini kinasubiri.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya chelewa, kawia, subiri na ngoja.
3. Badilisha ziwe saa za taima: saa mbili na nusu usiku, saa tisa alasiri, saa kumi alfajiri.

Mwanafunzi wetu alijibu swali la kwanza hivi: "Umeme ukirudi, kifaa husubiri dakika tatu ili friji isiungue. Usikichomoe." Maneno kumi tu. Wahenga walisema kawia ufike. Pengine na friji ile ingefika.