Bustani ndani ya gunia

Ndugu mfanyakazi unayekaa chumba kimoja bila kiwanja, watazame wenzetu wa Kibera, Nairobi, ambako wengi huenda kwa miguu kwenye viwanda vya Industrial Area. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzo wa 2008, shirika la Kifaransa Solidarités lilianza kuwagawia miche wapande kwenye magunia.

Kopo kubwa lililokatwa kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Kopo huvutwa juu, likajazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mawe hubaki kama nguzo, na maji yakimiminwa juu yake hufika hadi chini. Bila nguzo hiyo miche ya chini hukauka. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupishana ya sukuma wiki na spinachi. Vitunguu hukaa juu. Likistawi, gunia zima hufunikwa majani, na mlango hupendeza kuliko wa meneja!

Lakini mwajiri asije akalihesabu gunia hilo kuwa sehemu ya mshahara. Mboga si unga, wala si kodi ya nyumba.

Maji Kibera hununuliwa kwa dumu, kwa hiyo yaliyooshea mboga humwagiliwa tena. Udongo usichotwe jalalani wala karibu na gereji: huweza kuwa na risasi, ambayo huwadhuru zaidi watoto.