Neno 'mali' katika Katiba: Lisomwe kwa upana au kwa ufinyu?

MKULIMA wa Kahama au Geita anayeelezwa kuwa chini ya shamba lake kuna dhahabu hukabiliwa na maswali mawili ya kisheria. La kwanza lina jibu la wazi: madini ni mali ya umma, na serikali ndiyo inayotoa leseni ya kuyachimba. La pili ni gumu zaidi. Je, ardhi aliyoirithi kwa mila na desturi, asiyokuwa na hati yake, ni mali yake?

Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Hata hivyo, ibara hiyo haifafanui mali ni kitu gani, wala haitaji kiwango cha fidia. Kazi hiyo imeachwa kwa majaji.

Katika kazi hiyo ipo mitazamo miwili. Wanaoshikilia tafsiri finyu husema kuwa jaji afuate maneno kama yalivyoandikwa. Penye upungufu, wa kuujaza ni Bunge lililochaguliwa na wananchi. Wanaotetea tafsiri pana husema kuwa Katiba si sheria ya kawaida. Imeandikwa kwa maneno machache ili idumu, hivyo isomwe kwa kuzingatia madhumuni yake na hali halisi ya watu inaowalinda.

Mitazamo hiyo ilikutana mwaka 1994 mbele ya Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe, Joseph Lohay. Sheria iliyotungwa mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ikawanyima waathirika fidia na kuwafungia milango ya mahakama.

Serikali ilisimamia hoja kwamba haki ya kimila ni ruhusa ya kukaa na kutumia ardhi tu, si mali. Kwa kusoma herufi peke yake, hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa. Ilieleza kuwa Katiba ni chombo kilicho hai, na kwamba ibara za haki za msingi zisomwe kwa upana, huku vizuizi vya haki hizo vikisomwa kwa ufinyu. Vinginevyo, ilisema, wakazi wengi wa nchi hii wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Mahakama iliamua kuwa haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba jasho alilolitumia mtu katika ardhi hiyo linastahili fidia.

Uamuzi huo haukuizuia serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, bali uliondoa uwezekano wa kuitwaa bure. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaingiza msingi wa fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Migodi mikubwa ya Geita (2000), Bulyanhulu (2001) na Buzwagi (2009) ilifunguliwa katika ukanda ambao wakulima wengi walishika mashamba yao kwa mila. Kwa kaya ya namna hiyo, tafsiri ya neno moja ndiyo inayotenganisha anayedai haki na anayeomba hisani.

Hata hivyo, Mahakama hiyo hiyo haikwenda kwa upana kila mara. Mwaka 2010, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ilikataa kuruhusu mgombea binafsi. Ilisema kuwa sharti la kudhaminiwa na chama limeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, hivyo wa kulibadilisha ni Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliona kuwa zuio hilo lilikiuka haki zake.

Mashauri haya mawili yanaonyesha mpaka wenyewe. Pale Katiba ilipotumia neno bila kulifafanua, jaji alipata nafasi ya kulipanua. Pale ilipoweka sharti bayana, alisita. Tafsiri pana ina hatari yake, kwani jaji hachaguliwi na mtu. Tafsiri finyu nayo ina hatari yake: sheria ya kawaida inaweza kuondoa kwa mlango wa nyuma haki ambayo Katiba imeitoa.

Hukumu ya mwaka 1994 ilipata haki bila hati. Kilichobaki kubishaniwa ni thamani yake, na neno "inayostahili" bado linahitaji msomaji.